Jina la Faili Linaweza Kukudanganya, Uliza Seva Kwanza

Ebu fanya kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Fungua simu yako, ingia pale penye vitu ulivyopakua. Umeona? Kuna stetimenti ya M-Pesa, kuna mtihani wa KCSE wa miaka iliyopita uliopakua ukausahau, kuna CV tatu zenye jina moja, na kuna faili moja ambayo hata hukumbuki ilitoka wapi.

Sasa niambie, unajuaje kila moja ni nini?

Najua jibu lako. Unaangalia jina. Likiishia na .pdf, basi hiyo ni PDF, maneno kwisha. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka siku nilipokaribia kumnyima msichana mmoja karo kwa sababu ya nukta moja na herufi tatu.

Wacha nikupe stori.

Faili 418 na skripti moja

Mwaka jana kikundi kimoja cha mtaani kwetu, hapa Eastlands, kilikuwa kinatoa basari. Si pesa za serikali. Ni watu wa kawaida walichanga, wakaamua kusaidia wanafunzi wa sekondari na vyuo. Katibu wao ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha Hisabati nikiwa darasa la sita. Akanipigia simu: "Kijana wangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Njoo, kuna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waombaji walitumwa maagizo: leta faili moja tu, iwe PDF, ndani yake uweke barua, kitambulisho cha mzazi na karatasi ya karo. Wengine walituma kwa baruapepe, wengine kwa WhatsApp, na Mwalimu akawa anazikusanya zote kwenye folda moja ya Google Drive. Kufikia siku ya mwisho folda ilikuwa na vitu 418. Mimi nilitakiwa kuvipakua, kuvipa nambari na kuvichapisha pale saiba kabla kamati haijaketi Jumamosi. Malipo, shilingi 3,000.

Kwangu hiyo ilikuwa doo ya maana. Niliacha chuo mwaka wa pili, na si kwamba masomo yalinishinda. Karo ndiyo ilinishinda. Kwa hivyo kazi ya basari niliichukua kwa moyo wote.

Nikaandika skripti fupi ya Python. Mstari uliobeba kazi yote, nikikutafsiria kwa lugha ya kawaida, ulisema hivi: kama jina la faili linaishia na .pdf, ipakue; kama haliishii hivyo, iandike kwenye orodha ya zilizokataliwa. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta 291 zimepita, 127 zimekataliwa.

Nikampelekea Mwalimu majina. Akasikitika, lakini kamati ilikuwa imeshakubaliana kwamba asiyefuata maagizo ameanguka. Orodha ya waliopita ikabandikwa mlangoni.

Alhamisi jioni msichana mmoja wa kidato cha tatu akanikuta saiba. Akaniambia, "Kaka, samahani. Jina langu haliko. Niliandika kwa simu ya mama, kwa Google Docs, ikasema imehifadhiwa. Mwalimu pia alisema ameiona."

Nikaifungua. Mazee, ombi lilikuwa limekamilika. Kurasa nne. Barua imeandikwa vizuri, picha ya kitambulisho cha mamake imo, karatasi ya karo imo, hata barua ya chifu imo. Kitu kimoja tu hakikuwapo: mwisho wa jina hapakuwa na .pdf. Na si ajabu, kwa sababu hati iliyoandikwa ndani ya Google Docs kwa kawaida haina huo mkia. Inaitwa tu "Ombi la basari", basi.

Nikajiuliza, je, hao wengine 126?

Jina ni maandishi ya nje ya robota

Umewahi kuwa Gikomba asubuhi robota la mitumba likifunguliwa? Nje pameandikwa labda "nguo za watoto". Muuzaji anakuapia kwamba ni daraja la kwanza. Lakini kila mtu aliyesimama pale anajua kwamba ukweli utaonekana kamba ikikatwa.

Faili iko vivyo hivyo. Jina ni maandishi ya nje ya robota. Ni neno ambalo mtu fulani aliandika, na mtu yeyote anaweza kulifuta na kuandika lingine. Chukua video ya harusi ya binamu yako, ibadilishe jina iwe barua.pdf. Ndani hakuna kilichobadilika. Bado ni video, harusi inaendelea.

Na wapo watu wanaoishi kwa uongo huo. Tarehe 4 Mei 2000, kompyuta duniani kote zilianza kupokea baruapepe ya mapenzi iliyobeba faili inayoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya wakati huo ilikuwa imewekwa ifiche mkia wa mwisho wa jina, kwa hivyo wengi waliona .TXT pekee, wakadhani ni maandishi ya kawaida. Wakaifungua. Kumbe ilikuwa programu, na ikaanza kuharibu faili zao na kujituma kwa kila mtu waliyekuwa na anwani yake. Ilitoka Ufilipino, na wakati huo nchi hiyo haikuwa hata na sheria ya kumshtakia mtu kosa kama hilo.

Ujanja mwingine ni huu. Kuna herufi isiyoonekana inayotumiwa kuandikia lugha zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nambari yake ni U+202E. Mtu akiichomeka katikati ya jina, herufi zinazofuata zinageuzwa kwenye skrini. Jina ambalo kwa kweli linaishia na fdp.apk, wewe unaliona likiishia na kpa.pdf. Macho yako yanakuambia PDF, lakini simu inajua ni programu ya kusakinishwa.

Sasa rudi kwenye kazi yangu. Skripti yangu ilikuwa inasoma maandishi ya nje ya gunia tu. Ndiyo maana ilimkataa msichana yule.

Dirisha la kuulizia

Usiku ule nilianza upya, na safari hii nikaamua kuuliza swali sahihi kwa anayejua.

Google Drive ina API. Usiogope hilo neno. Fikiria Huduma Centre. Huruhusiwi kuingia ndani kupekua makabati. Unasimama dirishani, unauliza kwa utaratibu uliowekwa, unapewa jibu kwa utaratibu uliowekwa. API ni dirisha la aina hiyo, ila anayesimama hapo ni programu yako badala ya wewe.

Swali lenyewe ni mstari mmoja:

GET https://www.googleapis.com/drive/v3/files/KITAMBULISHO?fields=name,mimeType

Mahali palipoandikwa KITAMBULISHO unaweka ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaouona kwenye linki ya faili. Na jibu kwa faili ya yule msichana likawa hili:

"name": "Ombi la basari"
"mimeType": "application/vnd.google-apps.document"

Ona sasa. Jina halisemi chochote, lakini mimeType inasema wazi kwamba hii ni hati ya Google Docs.

Hilo neno MIME si la Google. Mwaka wa 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliandika utaratibu wa kuwezesha baruapepe kubeba picha, sauti na vitu vingine, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa imetengenezewa maandishi ya kawaida tu. Ili kompyuta ya mpokeaji ijue imeletewa nini, walibuni lebo yenye sehemu mbili zinazotenganishwa na mkwaju: kwanza kundi, kisha aina yenyewe. image/jpeg ni picha ya JPEG. application/pdf ni PDF. text/html ni ukurasa wa wavuti. Zaidi ya miaka 30 baadaye, lebo hizo ndizo zinazoendesha wavuti wote, na orodha yake rasmi inatunzwa na taasisi inayoitwa IANA.

Google ikaongeza lebo zake kwa vitu vinavyoishi ndani ya Drive pekee. Ukifanya kazi na Drive utakutana na hizi mara nyingi:

- application/vnd.google-apps.document ni hati ya Google Docs
- application/vnd.google-apps.spreadsheet ni jedwali la Google Sheets
- application/vnd.google-apps.presentation ni slaidi
- application/vnd.google-apps.folder ni folda (ndiyo, kwa Drive hata folda ni "faili")
- application/vnd.google-apps.shortcut ni njia ya mkato, yaani kielekezi tu cha faili iliyo mahali pengine

Hiyo ya mwisho iliniuma. Baadhi ya waombaji walikuwa wamemtumia Mwalimu linki. Yeye, kwa nia njema kabisa, akaziongeza kwenye folda kama njia za mkato. Ukiangalia kwa macho unaona faili. Skripti inaona kibao cha barabarani kinachosema "nenda kule". Dawa yake ni kuomba pia sehemu inayoitwa shortcutDetails. Hapo utapewa targetId, ambayo ni kitambulisho cha faili halisi, na targetMimeType, ambayo ni aina yake.

Ukishajua aina, ndipo unajua la kufanya. PDF au picha unaipakua moja kwa moja kwa kuongeza alt=media. Hati ya Google Docs haipakuliki hivyo. Ukijaribu, utarudishiwa kosa la 403 na kuambiwa utumie njia ya kuigeuza. Njia hiyo inaitwa export: unaiambia Drive "nipe hii hati ikiwa application/pdf", inakugeuzia, mradi kinachotoka kisizidi MB 10.

Yaani kwa ombi moja tu, ile faili niliyoikataa ingekuwa PDF safi. Google yenyewe ingenigeuzia. Sikuuliza tu.

Chukua ruhusa ndogo

Hapa nisimame kidogo, maana ni jambo ambalo vijana wengi wa kompyuta tunalipuuza. Kwenye folda ile kulikuwa na vitambulisho vya wazazi. Kulikuwa na vyeti vya vifo. Hizo ni siri za watu.

Unapoiomba Drive ruhusa, unachagua kiwango. Kuna drive.metadata.readonly, ambayo inakuonyesha maelezo tu kama jina, aina na ukubwa, bila kukufungulia kilichomo. Kuna drive.readonly, inayokuruhusu kusoma na kupakua. Na kuna drive, ambayo inakuachia kila kitu, hata kufuta. Kama kazi yako ni kujua aina tu, ile ya kwanza inatosha. Usiombe funguo za nyumba nzima na ulitumwa kuhesabu milango.

Wavuti wa kawaida nao una dirisha

Si kila faili iko Drive, najua. Lakini seva yoyote ya wavuti ukiiomba kitu, kabla ya kukupa, inatanguliza mistari ya maelezo. Mmoja wa mistari hiyo huitwa Content-Type, na hubeba lebo ileile ya MIME. Unaweza hata kuomba maelezo peke yake bila kupakua faili. Ombi hilo linaitwa HEAD, na kwenye kompyuta unaandika curl -I kisha anwani. Bando yako inabaki salama.

Nikupe mfano unaoujua. Umewahi kupakua mtihani wa zamani, faili ikaja na jina zuri kabisa linaloishia na .pdf, ukaigusa ukaambiwa imeharibika? Mara nyingi haikuharibika. Seva ilitaka uingie kwanza kwa paswadi, kwa hivyo badala ya mtihani ikakupa ukurasa wa kuingilia, na simu yako ikauhifadhi kwa jina la mtihani. Ungeuliza Content-Type ungeambiwa text/html. Badilisha mkia wa jina uwe .html, uifungue kwa kivinjari, utaona sanduku la paswadi limekukodolea macho.

Kuna jibu lingine utakalokutana nalo: application/octet-stream. Hilo maana yake ni "hizi ni baiti tu, sijui zaidi". Ni seva inayoinua mabega. Usilichukue kama jibu, lichukue kama ishara kwamba unahitaji kwenda hatua ya tatu.

Kata kamba

Kwa sababu, msomaji wangu, hata mimeType ni neno la muuzaji. Ni bora kuliko maandishi ya nje ya gunia, lakini bado ni neno. Aliyepakia faili asipotaja aina, Drive hujaribu kuitambua kutokana na kilichomo. Akitaja, inaweza kubaki na alichotajiwa. Na vivinjari vingi hutaja aina kwa kuangalia nini? Mkia wa jina! Uongo unaweza kupita milango miwili bila kuguswa.

Ndiyo sababu faili nyingi hubeba alama mwanzoni kabisa, kwenye baiti chache za kwanza. Hizi hapa:

- PDF huanza na %PDF, hata ile stetimenti ya M-Pesa iliyofungwa kwa nambari ya siri
- PNG ina baiti moja ya ajabu, kisha herufi PNG
- JPEG huanza na FF D8 FF, ukisoma kwa tarakimu za hexa
- GIF huanza na GIF87a au GIF89a
- Programu za Windows huanza na MZ, herufi za jina la Mark Zbikowski, mmoja wa watengenezaji wa MS-DOS
- ZIP huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyeibuni

Huhitaji kupakua faili nzima ili kuziona. Ongeza kwenye ombi lako mstari unaosema Range: bytes=0-7, na Drive itakupa baiti nane za kwanza pekee. Ila kumbuka, hapa unagusa kilichomo, kwa hivyo ile ruhusa ndogo ya maelezo haitoshi tena.

Na kama faili tayari uko nayo, kuna amri ya zamani sana inaitwa file. Imekuwako kwenye Unix tangu 1973, na kazi yake ni hiyo tu. Kwenye Linux andika file --mime-type kisha jina la faili. Huna laptopu? Weka Termux kwenye Android, andika pkg install file, nawe uko sawa.

Kuna mtego mmoja. Ukiona PK, usikimbilie kusema "hii ni ZIP". Hati za Word za .docx ni ZIP kwa ndani. Majedwali ya .xlsx pia. Na programu za Android, zile za .apk, vilevile. Zote huanza na PK. Lazima uchungulie ndani: ukikuta folda inayoitwa word, hiyo ni hati; ukikuta AndroidManifest.xml na classes.dex, hiyo ni programu, hata kama nje imeandikwa "barua ya kazi".

Niliporudia kazi yangu kwa njia hii, zile 127 zikajifafanua. Hati za Google Docs zilikuwa 58. Njia za mkato 23. Picha za simu 31. PDF halisi kabisa zilikuwa tisa, baadhi zimeandikwa .PDF kwa herufi kubwa na skripti yangu ikashindwa kuzitambua. Folda nne, za watu walioweka karatasi zao pamoja vizuri. Video moja. Na faili moja tupu, ukubwa wake sifuri.

Kisha nikakata kamba za zile 291 zilizopita. Sita hazikuwa PDF. Zilikuwa picha ambazo wenyewe walibadilisha jina ili ziishie na .pdf, na Drive ikawa inasema application/pdf. Sikuwalaumu. Waliambiwa walete PDF na walikuwa na simu tu, wakafanya walichoweza.

Lakini angalia hiyo hesabu vizuri. Waliobadilisha jina niliwapitisha. Wenye PDF halisi, lakini mkia wake herufi kubwa, niliwatupa.

Na wewe ambaye huandiki programu?

Sijakusahau. Nambari hizi si za watu wa kompyuta peke yao. Mwaka huu kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa ilitumwa "barua ya mwaliko wa usaili". Jina lilikuwa zuri. Kaka mmoja akaigusa, simu ikamuuliza kama anaruhusu kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana. Akataka kubonyeza ndiyo, kwa sababu amekaa bila kazi mwaka mzima na alikuwa na haraka. Shukuru Mungu mkewe alimshika mkono.

Shika haya matatu:

Kwanza, hati haisakinishwi. PDF, picha, Word, hakuna hata moja inayohitaji ruhusa ya kusakinisha. Simu ikikuuliza hilo swali, umeletewa programu. Toka.

Pili, gusa maelezo ya faili kabla ya kuifungua. Kwenye Drive, na kwenye programu nyingi za faili za Android, kuna sehemu ya maelezo. Soma aina iliyoandikwa hapo ulinganishe na jina. Zikigongana, muulize aliyekutumia, na umuulize kwa simu, usimjibu palepale kwenye ujumbe.

Tatu, kujua aina si kujua usalama. PDF halisi inaweza kubeba linki ya matapeli. Hatua hizi zinakuambia umeshika nini. Hazikuambii nia ya aliyekupa.

Na wewe ambaye unaandika programu, hasa za kupokea maombi ya kazi, basari au mikopo: usimkatae mtu kwa jina la faili. Uliza API. Thibitisha kwa baiti. Inayogeuzika, igeuze. Na isiyoeleweka usiiite "iliyokataliwa". Iite "haijaeleweka", halafu mtu aiangalie. Skripti inapomkataa mtu haimpigii simu kumweleza. Anabaki nyumbani akidhani hakustahili.

Jumamosi

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimejipanga kusema kulikuwa na hitilafu ya mitambo. Nilipoingia na kumwona, nikashindwa. Nikamwambia, "Mwalimu, kosa ni langu. Wale hawakukosea. Mimi ndiye niliuliza swali baya."

Akavua miwani. Akaniuliza ni wangapi. Nikamwambia 125 ziko sawa na zimeshachapishwa, na wawili tunahitaji kuwapigia, mwenye video na mwenye faili tupu. Akachukua simu akawapigia yeye mwenyewe. Mwenye faili tupu alikuja na karatasi zake mkononi saa kumi jioni. Mwenye video ilibainika alikuwa amejirekodi akisoma barua yake, kwa sababu hakujua namna ya kuipiga chapa. Mwalimu aliketi akaisikiliza akiiandika kwa mkono.

Orodha mlangoni ikabanduliwa. Kamati iliketi Jumamosi mpaka usiku, ikasoma zote 418. Pesa hazikutosha kila mtu, hazijawahi kutosha. Yule msichana alipewa 8,000, si karo yote, lakini alirudi shule Jumatatu. Wapo wengine wengi hawakupata kitu. Ila angalau barua zao zilisomwa na watu.

Malipo yangu nilipewa yote. Mwalimu alikataa nimrudishie nusu. Aliniambia tu, "Mwakani tutakuita tena. Lakini hiyo programu yako, niletee kwanza nione inauliza nini."

Nimeshaiandika upya. Mstari ule wa kwanza wa .pdf nimeuacha humo, ila nimeufungia usifanye kazi, na juu yake nimeandika tarehe ya ile Alhamisi.